Kwa fundi mpya wa majumba ya zamani: siku ya kwanza acha mwiko nyumbani

Ukija kuanza kazi kwenye majumba ya zamani ya mashamba hapa Unguja, nakuomba siku ya kwanza uje na futi na daftari tu. Mwiko utasubiri.

Pitia kwanza Mtoni, kaskazini ya mji, pale kijito kinapoingia baharini. Lile lilikuwa kasri la Seyyid Said, na ndiko alikozaliwa binti yake Salme mwaka 1844, yule aliyekuja kuitwa Emily Ruete. Kumbukumbu zake za ua ule, tausi wake na hamamu zake, zilichapwa Ujerumani mwaka 1886. Leo ni magofu, na kwa anayejifunza gofu ni mwalimu mzuri, maana ukuta uliovunjika unakuonyesha tumbo lake.

Kisha ingia nyumba yoyote ya mawe ya wakati huo, upime vyumba. Utakuta virefu lakini vyembamba, upana mita 3 hivi au pungufu. Sababu ni boriti. Dari imelala juu ya miti ya mikoko, na mkoko mnyoofu wenye nguvu hauzidi sana hapo. Mti ndio uliopanga chumba.

Sasa ukuta. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, nao hunywa maji na kuyatoa. Miaka yangu ya mwanzo, kwenye nyumba moja ya shamba, nilipiga lipu ya saruji kwa kuwa mwenyewe alitaka kazi iishe upesi. Ilipendeza kweli. Masika yalipopita nikaigonga kwa kidole, ikalia tupu. Nilipoibandua nikakuta unyevu, chumvi nyeupe, na chokaa ya zamani ikimwagika kama unga. Vichwa vya boriti ndani ya ukuta vilikuwa vimelainika, bisibisi inazama bila kusukumwa. Mpaka leo inaniuma.

Chokaa haitaki pupa. Iloweke, ilale wiki kadhaa, miezi ukiweza, mpaka ishike mwiko kama samli iliyoganda. Rowesha ukuta kabla ya kupiga lipu. Tabaka jembamba, lisubiri lishike, ndipo jingine. Jua likiwa kali, tundika magunia yaliyoroweshwa.

Na kabla hujachanganya chochote, okota kipande cha lipu ya zamani kilichoanguka katika nyumba hiyohiyo, ukivunje kiganjani. Tazama mchanga wake, mnene au laini, kisha utafute unaofanana nao.