Kabla hamjanunua gitaa: kwa vijana wanaoanzisha bendi hapa Mwanza

Kila kijana anayeniletea amplifaya kutengeneza hapa Kirumba huniuliza anunue gitaa gani. Bado sijampata aliyeniuliza wimbo ukiingiza hela zitagawanywaje. Nimepiga besi miaka kumi na minane kwenye kumbi za jiji hili, nimepita bendi tatu, na mbili kati yake ziliuawa na swali hilo.

Wanaotaka kupiga roki huwa nawasimulia habari za Queen, bendi ya Uingereza. Mwimbaji wao, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara, na mimi najivunia hilo kama ndugu wa nyumbani. Lakini tazameni bendi yenyewe ilivyopatikana. Brian May na Roger Taylor walikuwa na kundi lao London, likiitwa Smile. Mwaka 1970 mwimbaji wao, ambaye ndiye aliyepiga na besi, akaondoka. Freddie alikuwa rafiki yao, akaingia, akaleta na jina jipya. Wapiga besi wakaja na kuondoka, hadi 1971 walipompata John Deacon, kijana mkimya aliyekuwa akisomea elektroniki. Hao wanne walibaki pamoja mpaka Freddie alipofariki mwaka 1991.

Walikuwa na subira ya kumngoja mtu anayewafaa. Sisi hatukuwa nayo. Tulimchukua mpiga drams kwa sababu drams zilikuwa zake. Jumamosi moja tukakwaruzana naye asubuhi, mchana akaja na mkokoteni kuzichukua, na jioni tulikuwa na harusi Nyegezi. Tulipiga bila drams. Uso wa baba wa bibi harusi siku ile sijausahau.

Vifaa visiwatishe. Gitaa ambalo May amelitumia miaka yote ya Queen alilitengeneza nyumbani na baba yake, shingo yake ikachongwa kwa mbao za meko ya zamani. Deacon naye aliokota saketi iliyotupwa, akaunda amplifaya ndogo iliyotumika kwenye rekodi zao. Albamu yao ya kwanza, iliyotoka 1973, waliirekodi studio kubwa ya London katika saa ambazo wateja wengine hawakuitumia, mara nyingi usiku. Nanyi mwombeni mwenye studio saa zake za usiku. Wengi hupunguza bei.

Sasa hela, ambako ndiko nataka mkae sana. Mwaka 1975 Queen walitoa Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika sita, ukakaa namba moja Uingereza wiki tisa. Upande wa pili wa santuri ile ulikuwa na wimbo wa Taylor. Santuri ni moja, kila inayouzwa inauza nyimbo zote mbili, kwa hiyo mtunzi wa upande wa pili naye alipata mirabaha, yaani malipo ya mtunzi, sawa na mtunzi wa ule uliokuwa midomoni mwa watu. Ugomvi ukawa mkubwa. Mpaka albamu ya 1989 ndipo walipokubaliana kila wimbo uandikwe jina la Queen, si la mtu mmoja. Karibu miaka ishirini tangu waanze bendi, na hao walikuwa matajiri tayari!

Kwetu, maneno ya wimbo uliotupa jina yalikuwa ya mwimbaji. Lakini ile solo ambayo watu walikuwa wakiiimba kwa mdomo hadi kwenye kivuko cha Kamanga, aliizua mpiga gitaa mazoezini, mbele ya macho yangu. Mwimbaji akausajili peke yake. Mimi nilijua ukweli na nikanyamaza, nikiogopa kuvunja bendi. Ilivunjika hata hivyo, na yule mpiga gitaa hajagusa gitaa tena. Hilo linaniuma mpaka leo.

Basi nunueni daftari kabla ya nyuzi. Siku wimbo unapozaliwa, palepale mazoezini, andikeni tarehe, nani kaleta maneno, nani kaleta sauti, nani kazua solo, na kila mmoja atapata sehemu gani. Wote mtie sahihi. Andikeni pia vyombo ni vya nani na anayetoka anaondoka na nini. Mkienda kusajili wimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, nendeni na daftari hilo mkononi, na majina yote yaliyomo yaingie. Msiojua pa kuanzia, njooni Kirumba jioni yoyote. La kwetu la bendi ya tatu ninalo dukani, nitawaonyesha tulivyoandika.