Nyumba ya Kongwa ilijengwa na nani

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza kama ni kweli nyumba ya Kongwa ilijengwa yote kwa hela za karanga, maana ndivyo baba yako mdogo anavyokueleza, na sasa anataka kile chumba kifupi cha nyuma kivunjwe, pajengwe choo cha ndani.

Hela za karanga zimo, ila ziliishia upande wa mbele.

Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947, babu yako alikuwa kijana, akapata kibarua cha kung'oa visiki. Walileta matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita, na reli ndogo ikachepushwa kutoka Msagali. Habari za mvua hawakuziuliza. Mvua ya kwetu ni chache tena haitabiriki, na kiangazi udongo ule unakauka ukawa mgumu kama saruji, karanga haing'oki. Mibuyu nayo ikawavunjia mashine. Mwaka 1951 wakaufunga. Bibi yako kila akisikia habari hizo alikuwa anacheka: "Si wangemuuliza mwanamke yeyote mwenye jembe?"

Mradi ulipofungwa, babu akanunua mabati yaliyotumika. Siku ukienda, kaa sebuleni utazame juu: utaona matundu ya misumari yasiyolingana kabisa na kenchi zetu, yamezibwa kwa lami. Mabati yale yaliwahi kuezeka jengo jingine.

Sasa hicho chumba cha nyuma. Hicho ndicho nyumba yenyewe, huko mbele ni nyongeza. Ni kipande cha tembe, ile nyumba ya udongo yenye paa bapa, waliloanzia maisha babu na bibi yako. Babu alikata nguzo na boriti, hilo simnyimi. Lakini maji aliyachota bibi, udongo akaukanyaga bibi, na kuta akazikandika bibi kwa mikono yake, wakati mumewe yuko kibaruani. Ingia, ufunge mlango, umulike ukuta ulio nyuma yake, pale chokaa haikuwahi kufika. Mistari ya vidole ipo, vinne vinne, inapinda kuelekea chini. Juu ya paa lile bapa ndiko alikoanika mlenda, nasi watoto tukifukuza kuku. Baba yako mdogo hayo hakuyaona. Alipopata akili, bati lilishapanda.

Ilipokuja Operesheni Dodoma, mwaka 1970 na 1971, watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa. Sisi tulikuwa mjini tayari, hatukuguswa, ila ndugu wa bibi waliacha matembe yao huko porini, na baadhi wakaja kukaa kwetu mpaka walipopata pa kujenga. Ule ukuta unaokata uani, ambao kila fundi anaushangaa, ni wa wakati huo.

Choo cha ndani sikipingi, magoti yangu yenyewe yanakidai. Kijengwe lilipokuwa banda la mbuzi. Chumba cha nyuma kibadilishwe boriti mbili zilizoliwa na mchwa, na juu pawekwe udongo mpya kabla mvua za Desemba hazijaanza. Gharama ya fundi nitatoa nusu, nyingine mchangiane wewe na kaka yako. Baba yako mdogo akibisha, usijibizane naye, mwambie anipigie mimi.

Baba yako