Lord Elgin na mawe ya Athens: tunajibu maswali yenu

Mwanzoni mwa karne ya 19, watu wa Lord Elgin waling'oa sanamu za marumaru kutoka Parthenon, hekalu la kale juu ya kilima cha Akropoli huko Athens, Ugiriki, na kuzipeleka Uingereza. Leo ziko British Museum, jumba la makumbusho la London, na Ugiriki inazidai.

Huyu Elgin alikuwa balozi kweli, au tajiri tu aliyejiita balozi?

Balozi kamili. Thomas Bruce alizaliwa mwaka 1766, na akiwa na miaka mitano tu akarithi ukabaila wa ukoo wao huko Scotland, akawa Earl wa saba wa Elgin. Aliiwakilisha Uingereza Brussels na Berlin, kisha akapelekwa kwenye Milki ya Osmani, iliyotawala Athens wakati huo. Aliwasili Istanbul Novemba 1799.

Wanaomtetea wanasema alikuwa na kibali cha Waosmani. Kilisema nini hasa?

Kilichobaki ni tafsiri ya Kiitaliano ya barua ya Julai 1801, iliyotoka kwa kaimu waziri mkuu kwenda kwa wakuu wa Athens. Watu wa Elgin waliruhusiwa kusimamisha jukwaa, kuchora, kunakili sanamu kwa plasta na kuchimba kuzunguka misingi. Tena wasizuiwe kuchukua vipande kadhaa vya mawe yenye maandishi au sanamu. Kubomoa kilichokuwa bado kimeshikamana na jengo hakukutajwa popote, na kwetu sisi kesi yote iko hapo. Lakini nani angemzuia? Mwaka huohuo majeshi ya Uingereza yalikuwa yakiwatimua Wafaransa kutoka Misri, nchi ya Waosmani. Balozi wa Uingereza hakunyimwa kitu.

Mawe mazito vile waliyashushaje bila kuyavunja?

Mengine waliyavunja. Juu ya nguzo za Parthenon kulikuwa na vibao vya marumaru vyenye sanamu, vimechomekwa kwenye mifuo, na juu yake yamelala mawe ya ukingo wa paa. Kibao hakichomoki ila kwa kuvutwa juu, kwa hiyo ukingo uliangushwa kwanza, ndipo kibao kikafungwa kamba na kuteremshwa kwa roda.

Ule mkanda wa sanamu uliozunguka jengo ulikuwa na shida nyingine. Jiwe lina unene wa kama sentimita 60, ilhali sanamu zenyewe zimejitokeza sentimita chache tu. Ili kupunguza uzito, wakakata mgongo wa jiwe kwa msumeno na kuuacha. Msimamizi wa kazi, mchoraji Mwitaliano Lusieri, alilazimika kuagiza misumeno zaidi.

Ni haki kuongeza kwamba jengo lilikwisha kuharibika vibaya mwaka 1687, kombora la Venice lilipolipua baruti ya Waosmani iliyohifadhiwa humo.

Ni kweli meli ilizama?

Ndiyo, Mentor, iliyobeba makasha ya mawe hayo, karibu na kisiwa cha Kythera, Septemba 1802. Wazamiaji walihangaika kama miaka miwili kuyatoa makasha, kwa pumzi zao tu, na gharama zikamwangukia Elgin.

Basi alitajirika?

Alifilisika. Akirudi kwao kupitia Ufaransa mwaka 1803 vita vilizuka upya, akazuiliwa huko hadi 1806. Kisha akaachana na mkewe, na kazi ya ubalozi hakuipata tena. Alidai ametumia zaidi ya pauni 60,000. Mwaka 1816 Bunge likanunua mawe yote kwa 35,000. Alifariki Paris mwaka 1841, bado anadaiwa.

Kwa nini British Museum haiyarudishi?

Sheria ya mwaka 1963 inawakataza wadhamini wake kutoa mali ya makumbusho, isipokuwa kwa sababu chache sana, na Bunge pekee ndilo linaloweza kuibadilisha. Huko Athens, jumba la makumbusho la Akropoli lililofunguliwa mwaka 2009 limeupanga mkanda kwa mfuatano wake wa asili. Marumaru halisi yana rangi ya asali. Palipo na plasta nyeupe, jiwe lenyewe liko kwingine, mengi yakiwa London.