Umepakua VLC, zimeingia na nyingine

Pole ndugu yangu. Unasema ulitaka VLC tu, ile programu ya kuchezea video, sasa kivinjari kimebadilika ukurasa wa mwanzo na kuna "kisafisha kompyuta" kinachodai hela. VLC haina kosa. Ukiichukua videolan.org inakuja peke yake, bila hata tangazo. Shida ni tovuti za katikati: zinaifunga upya ndani ya kisakinishi chao, na kila programu ya ziada ikiingia kwako wao wanalipwa. Wala si wahuni wa vichochoroni tu. Mwaka 2015 SourceForge, tovuti kubwa ya kupakulia programu, waliifanyia GIMP ya Windows (programu ya kuhariri picha) mchezo huohuo.

Tokeo la juu kabisa Google mara nyingi ni tangazo, kwa hiyo soma anwani kwanza. Wakati wa kusakinisha chagua "Custom" au "Advanced", hata kama "Express" ndiyo inayopendekezwa. Huko ndiko visanduku vya tiki vinakojificha. Toa tiki zote usizozielewa. Na kitufe cha "Decline" hupakwa kijivu kionekane kimekufa, kumbe kinabonyezeka vizuri tu. Ukibonyeza Next, Next kama unafukuzwa, umekubali yote.

Kama una Windows 11, fungua Terminal (dirisha la kuandikia amri) uandike winget install VideoLAN.VLC, hutahitaji tovuti yoyote.

Kusafisha: ingia Settings, Apps, panga kwa tarehe, ondoa vilivyoingia siku ile usivyovitambua, kisha rudisha mipangilio ya awali ya kivinjari. Hicho kisafishaji usikilipe hata senti.