Wasomaji Wanauliza: Nahau Zipi za Kiingereza za Kutumia, Zipi za Kuelewa Tu

*Shikamoo mwalimu. Niko mapokezi kwenye hoteli moja hapa Arusha. Nimekariri nahau nyingi za Kiingereza, lakini nikimwambia mgeni "it's raining cats and dogs" anatabasamu kama anaongea na mtoto. Nakosea wapi? – Msomaji, Arusha*

Marahaba. Sarufi yako haina kosa, ila msemo huo wa mvua kubwa umezeeka. Waingereza wanauelewa wote, lakini wakilowa wengi husema tu "it's pouring". Vitabu vya shule hupenda nahau zenye picha ya kuchekesha, zisemwe zisisemwe. Kwa hiyo kabla ya kukariri, fungua kamusi ya wanaojifunza Kiingereza. Ile kubwa ya Longman, kwa mfano, ipo bure mtandaoni na hufafanua kwa maneno ya kawaida yapatayo 2,000. Tazama alama iliyo kando ya nahau. Ukikuta "old-fashioned", ielewe na uiache hapo. "Informal" ni ya marafiki, si ya barua ya kazi. Hapo ndipo "kick the bucket" inapowaponza watu: maana yake ni kufa, lakini ni ya mzaha. Ukiiweka kwenye salamu za rambirambi umemtukana mfiwa. Andika "passed away".

Jambo jingine ni umbo. Kamusi ikiandika "pull someone's leg", yaani kumtania mtu, hilo "someone's" ni nafasi ya kujazwa: "he's pulling my leg". Lakini maneno mengine yamegandishwa. Ni "call it a day", kufunga kazi kwa leo, wala si "call it the day".

Kadi ndogo zinasaidia zikiandikwa vizuri. Upande mmoja weka hali kwa Kiswahili: *mwenzako kazini hajisikii vizuri, ila hajalazwa.* Upande wa pili weka sentensi nzima: "She's feeling a bit under the weather." Nahau ikiandikwa peke yake utaikumbuka bila kujua pa kuitumia. Tano kwa wiki zinatosha. Zirudie kesho yake, siku ya tatu, ya saba, kisha baada ya mwezi. Utakayokwama irudi mwanzo. Na usikariri zinazofanana kwa siku moja: "on the table" na "under the table" zitakuchanganya, na hii ya pili hutumika kwa malipo ya kificho.

*Bosi wangu Mmarekani aliomba "a ballpark figure", nikabaki nimeduwaa. Mwingine nilimwalika chakula, akajibu "I'll take a rain check", na jua linawaka! – Msomaji, Nairobi*

Zote mbili zimetoka kwenye besiboli. Ya kwanza ni makadirio tu. Jibu "around forty thousand shillings", yatosha. Ya pili ilikuwa tiketi ya kurudi siku nyingine mechi ikivunjwa na mvua. Leo ni kukataa kwa adabu, na mara nyingi siku hiyo nyingine haifiki. Kama unataka kweli aje kula, mtajie siku: "How about Friday?"

Waingereza wao huchota kwenye kriketi. "The news knocked me for six" ni kusema habari zimenitikisa. Sita ni alama za mpira uliopigwa ukavuka mpaka bila kudunda. Ila la kuogopa zaidi kikaoni ni kitenzi "table". Uingereza ni kuleta hoja ijadiliwe, Marekani ni kuiweka kando. Penye mchanganyiko wa watu sema "discuss now" au "postpone".

*Binti yangu wa kidato cha pili amekatwa alama kwa "Can you borrow me your pen?" Si ndiyo "niazime kalamu"? – Mzazi, Tanga*

Kwa Kiswahili, kuazima kunakwenda pande zote mbili. Kwa Kiingereza anayetoa "lends", anayepokea "borrows". Kwa hiyo: "Can you lend me your pen?" au "Can I borrow your pen?" Mpe na haya: kidole cha mguu ni "toe", dawa "you take" hata ikiwa ya maji, na taa "you turn on", haifunguliwi.

Kubwa kuliko yote ni jibu la swali la kukanusha. Akiulizwa "Haven't you eaten?" na hajala, ajibu "No, I haven't". Akisema "Yes" kwa maana ya *ndiyo, sijala*, mwenyeji ataona ameshiba na chakula kitaondolewa.

*"Put off", "put out", "put up with": zinashikika vipi? – Msomaji, Kigoma*

Usizipange kwa kitenzi, zitagongana. Zipange kwa mahali: "put out" iende na moto jikoni, "put off" na kikao kilichoahirishwa, "put up with" na jirani mwenye kelele unayemvumilia. Kisha andika kila moja ikiwa na "it", maana hapo ndipo watu huteleza: "put it out", "put it off", lakini "put up with it".