Maswali na majibu: Paria Canyon peke yangu mwezi wa pili, nibebe maji lita ngapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni askari wa wanyamapori, nimefanya kazi hifadhi ya Kidepo, Uganda, miaka sita. Mwezi wa pili nakwenda Arizona kwa mafunzo, na nikimaliza nina siku tano za mapumziko. Nataka kupita Paria Canyon, korongo la mto mpakani mwa Utah na Arizona, peke yangu, kuanzia White House hadi Lees Ferry. Jua na kiu nimevizoea. Nibebe lita ngapi kwa siku, na chujio langu la mirija litatosha? Wenzangu wananiambia jangwa ni jangwa, nguo nzito niziache.

JIBU: Marahaba, afande. Nguo nzito usiziache.

Bonde la Kidepo na sakafu ya Paria zinakaribiana kwa urefu kutoka usawa wa bahari: Paria unaanzia mita 1,300 hivi na kuishia chini ya 1,000. Hapo ndipo undugu wao unapokwisha. Kidepo iko nyuzi 4 hivi kutoka ikweta, Paria iko nyuzi 37, na mwisho wa Februari kule bado ni majira ya baridi. Jua linachomoza karibu saa 1 asubuhi na kuzama saa 12 jioni na dakika chache, lakini ukiwa kwenye sehemu nyembamba, katikati ya kuta mbili za mawe, unaweza kutembea nusu siku bila kuliona. Usiku maji yanaganda. Na mchana wote unatembea ndani ya mto, maana njia yenyewe ni mto. Unavuka mara nyingi mpaka unaacha kuhesabu, maji ya vifundoni, mara magotini, mara zaidi.

Mimi nilipita huko mara moja, mwezi wa tatu, tukiwa watatu. Kilichonishinda siku ya kwanza ni miguu. Baada ya saa mbili vidole havikuwa na habari na mimi. Tafuta soksi za neoprini, zile za wapiga mbizi, uvae ndani ya viatu vinavyotoa maji haraka. Soksi za kulalia ziwe jozi nyingine, za sufu, ambazo hazigusi mto hata kwa bahati mbaya. Pamba usivae kabisa: ikilowa haikaushwi na kivuli cha korongo. Sweta za sufu pitia soko la Owino, Kampala, kwenye mitumba utapata nzuri kwa bei ya chakula cha mchana.

Sasa maji. Kwa baridi ile lita 3 kwa siku zinakutosha pamoja na kupika. Uwe na vyombo vya kubeba lita 5, kwa sababu chemchemi zinazotoka kwenye kuta hazikupangwa kwa ajili yako. Siku ya kwanza usitegemee kuzikuta mapema, na kilomita 20 hivi za mwisho kabla ya Lees Ferry hazina chemchemi ya kutumainiwa. Pale kwenye ya mwisho jaza kila kitu. Mto wenyewe una maji, lakini ni uji wa udongo. Ukilazimika, chota kwenye mfuko mpana, koroga chembe ya shabu, lile jiwe la dukani la kutulizia tope, acha yatulie, kisha mimina ya juu taratibu na ndipo uchuje. Ukipeleka tope moja kwa moja kwenye chujio, litaziba kabla chupa ya pili haijajaa.

Chujio lako la mirija ni zuri, ila lina ugonjwa mmoja ambao Kidepo hungeugundua. Likishatumika, maji hubaki ndani ya vitundu vyembamba vya mirija yake. Yakiganda yanapanuka na kuvipasua, na kwa macho huoni kitu: maji yanapita kama kawaida, na vijidudu vya magonjwa vinapita nayo. Langu nililiua Mlima Elgon, kambi ya Mude Cave, mita 3,500 hivi. Nililitundika nje likauke, asubuhi nikalikuta limevaa barafu, nikalisugua na kuendelea nalo kama mtu mwenye akili. Wiki iliyofuata niliishi chooni. Kwa hiyo likung'ute, litie kwenye mfuko wa plastiki, ulale nalo kifuani. Simu na betri pia zilale hapo kifuani. Beba na vidonge vya klorini vya akiba, na ukumbuke kwamba kwenye maji baridi vinahitaji muda mrefu kuliko kawaida.

Jiko lina tabia hiyo hiyo. Butani haigeuki mvuke chini ya nyuzi joto -0.5 za Selsiasi, kwa hiyo mtungi wa butani tupu utakunyima chai asubuhi. Chukua mchanganyiko wenye isobutani na propani. Ununue huko huko, ndege haikubali mtungi wa gesi. Kuni usitegemee, moto wa kambi umekatazwa mle korongoni.

Mahali pa kulala, panda kwenye kingo za mchanga zilizo juu ya alama za mafuriko: angalia takataka na matawi yaliyokwama ukutani. Hewa ya baridi nayo hutiririka chini kama maji, kwa hiyo mita chache juu unalala vizuri zaidi. Mafuriko makubwa ni ya Julai hadi Septemba, lakini Februari theluji iko juu, upande wa Bryce, kwenye nyanda za juu za Utah mto unakotoka, na siku mbili za joto au mvua juu ya theluji zinatosha. Unajua Kidepo mchanga mkavu unavyopitiwa na maji mbingu ikiwa nyeupe. Tofauti ni kwamba hapa hakuna ukingo wa kukimbilia. Utabiri ukitaja mvua, usiingie, hata kama kibali umekilipia. Na kibali ni lazima: kwa kulala ndani wanaruhusu watu 20 tu kwa siku, na choo chako unatoka nacho kwenye mifuko maalumu.

Kuhusu upweke. Mchanga wa mle unadidimia, hasa maji yakianza kupungua. Shika fimbo, upime kabla ya kukanyaga, na ulegeze mkanda wa kiunoni wa begi unapovuka. Ukizama, egemea nyuma na utikise mguu polepole, usivute kwa nguvu. Simu haina mtandao. Kifaa cha setilaiti kinasaidia, ila tuma ujumbe pale korongo linapopanuka. Kwenye uwazi mwembamba kinahangaika. Ratiba iandike, mwachie mtu wa Arizona, pamoja na saa ambayo asipokusikia apigie waokoaji simu. Ikiwa safari itasogea hadi katikati ya Machi, kubalianeni saa ya nani: Utah husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Arizona haisogezi, na njia yako inaanzia upande mmoja na kuishia mwingine.

Kabla hujapanda ndege, njoo kwangu Mbale, chini ya Mlima Elgon, siku tatu. Tutapanda mpaka Mude Cave, utalowesha miguu mtoni makusudi, kisha ulale na vifaa hivyo hivyo unavyopanga kubeba. Ukitetemeka hapo, bado Owino haijafungwa.