Polisi aingie chumbani? Majibu kwa wasomaji

Barua hizi nimeziweka pamoja kwa sababu zote zinauliza serikali iingilie wapi mwenendo wa mtu, na wapi imwachie familia yake na Mungu wake. Msimamo wangu nautaja mapema: mtu akiumizwa, sheria ifike haraka. Tukiwa tumechukizwa tu, polisi wabaki kituoni.

Nimemfumania mke wangu gesti na mtu ninayemfahamu. Polisi wanasema si kesi ya jinai. Inakuwaje mwizi wa kuku afungwe na mwizi wa ndoa aachwe? (Msomaji, Morogoro)

Pole sana, kaka. Polisi wamekuambia kweli, lakini hujaachwa mikono mitupu. Kifungu cha 72 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakuruhusu kumdai fidia mgoni wako, na mke naye ana haki hiyohiyo dhidi ya mwanamke aliyetembea na mumewe. Madai unaweza kuyafungua hata Mahakama ya Mwanzo. Utaulizwa kama ulijua ukanyamaza, na kama huyo bwana alijua kuwa yule ni mke wa mtu. Ukishinda, fidia ni ya kukufuta machozi. Sheria hairuhusu iwe ya kumkomoa mtu.

Kwa nini asifungwe? Tazama Uganda, walikokuwa na kosa hilo. Mke wa mtu alitiwa hatiani akitembea na mwanamume yeyote, lakini mume wa mtu alikosa pale tu alipomchukua mke wa mwenzake. Akienda kwa asiyeolewa, alirudi nyumbani salama. Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu hicho mwaka 2007, na ilifanya vema.

Halafu kuna ushahidi. Sheria ya Kiislamu, ambayo hakuna anayeweza kuiita legevu kwenye zinaa, inadai mashahidi wanne, na anayemsingizia mwanamke mwenye heshima zake bila kuwaleta hupigwa mijeledi 80. Huko ni kuijua hatari ya kuchungulia vyumba vya watu. Sisi mafumanizi yetu tunayajua yalivyo: mlango unavunjwa, mtu anatolewa na shuka, simu zinarekodi kila upande, na kesho yake mtoto wa darasa la sita anaonyeshwa video ya mama yake na wenzake. Mtoto huyo alikosa nini? Kama una video ya siku ile, kaka, usimtumie mtu yeyote. Kusambaza picha za utupu ni jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na wewe uliyekosewa ndiye utakayepandishwa kizimbani.

Mavazi ya mabinti siku hizi ni aibu. Kwa nini serikali isipige marufuku nusu uchi? (Mstaafu, Iringa)

Shikamoo mzee. Jambo hili limeshajaribiwa, na huenda unakumbuka. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969, sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na krimu za kujichubua ni marufuku Dar es Salaam. Tarehe yenyewe haikungojwa. Makundi ya vijana yalianza kuwavamia wasichana kwenye mabasi Kariakoo, kana kwamba wametumwa.

Uganda ilipitisha sheria ya kupinga ponografia mwaka 2014. Sketi fupi haikutajwa humo, lakini mitaani watu waliielewa hivyo, na wanawake wakavuliwa nguo mchana kweupe. Mwaka 2021 mahakama ilifuta vifungu vyake vikuu. Wakenya, baada ya mwanamke kuvuliwa nguo Nairobi Novemba 2014 na wenzake kuandamana, waliigeuzia sheria upande wa pili: anayemvua mwenzake nguo kwa nguvu anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 10. Hao ndio waliomwona mkosaji ni nani.

Mzee, binti yako mkanye. Ni haki yako na ni wajibu wako. Lakini ukimpa kijana wa stendi ruhusa ya kupima sketi, siku moja atampima mjukuu wako.

Mimi na mwenzangu tunaishi pamoja bila ndoa. Tunaweza kukamatwa? (Binti, Mwanza)

Hapana, dada. Tena mkiishi miaka miwili au zaidi na majirani wakawajua kama mke na mume, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinawachukulia kuwa mmeoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tunza risiti za mlivyochuma pamoja.

Nikimrudi mke wangu ndani ya nyumba yangu, serikali inahusika nini? Si mambo ya ndani haya? (Baba wa familia, Tanga)

Inahusika, na hapa sitakubembeleza. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa hiyohiyo kinasema kwamba, hata kama mila inaruhusu, hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Ni ya mwaka 1971, kwa hiyo usiseme umeletewa mambo mapya. Unayoyaita ya ndani yana mtu mwenye mbavu zinazouma.

Mkeo akienda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto lipo kwa ajili hiyo. Naye kama anasoma hapa, aanze na PF3, fomu ya matibabu inayotolewa na polisi, atibiwe na majeraha yaandikwe. Asikubali kurudishwa nyumbani na maneno ya "kayamalizeni".

Natoka bara, ni fundi Unguja. Kula mchana wa Ramadhani ni kosa? (Fundi, Mjini Magharibi)

Watu wamewahi kukamatwa kwa kula hadharani, Machi 2024 ikiwemo. Kwa hiyo kula ndani, na hata pasingekuwa na askari ningekushauri hivyo kwa heshima ya wenyeji wako. Ila kumweka mtu mahabusu kwa sababu hiyo sikuafiki. Mgonjwa na msafiri Qur'ani yenyewe imewaruhusu kula, na askari hawezi kumjua mwenye kisukari kwa kumtazama.

Mwanangu alikunywa dawa ya mifugo wiki iliyopita, akatapika, akapona. Majirani wanasema nikimpeleka hospitali atashtakiwa. (Mama, Nakuru)

Pole mama. Nimeiweka barua yako mwisho, lakini jibu nilikutumia siku ileile niliyoipokea. Ni kweli kwamba kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Kenya, kifungo hadi miaka miwili. Januari 2025 Mahakama Kuu Nairobi, chini ya Jaji Lawrence Mugambi, ilitamka kwamba kifungu cha 226, chenye kosa hilo, kinakiuka katiba. Hapa Tanzania kosa kama hilo bado limo kwenye Kanuni ya Adhabu, na naomba wabunge wetu waliondoe, kwa sababu kazi yake kubwa imekuwa kuwatisha akina mama kama wewe wasifike kwa daktari.

Mpeleke leo. Mwambie daktari ukweli wote: alikunywa nini, lini, kiasi gani, kwa kuwa sumu nyingine huendelea kuumiza ini na figo mtu akiwa anaonekana mzima. Omba aonane na mhudumu wa afya ya akili kabla hamjaondoka. Dawa za mifugo zihamishie kwa jirani, na usiku huu asilale peke yake.